Kubadili programu ya muziki: Jinsi ya kuhama bila kupoteza nyimbo

KUHAMA kutoka programu moja ya kutengenezea muziki hadi nyingine ni uamuzi ambao karibu kila studio hulazimika kuufanya wakati mmoja au mwingine. Kwa studio ndogo za Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, uamuzi huo una uzito wa ziada. Faili iliyo ndani ya kompyuta ya studio mara nyingi ndiyo nakala ya pekee yenye sauti ya mwimbaji na ya kila ala kando kando, na ikishindwa kufunguka, kazi hiyo haiwezi kurekebishwa tena.

Programu ya aina hii humwezesha prodyuza kurekodi sauti, kupanga midundo, kuchanganya ala na kutoa wimbo uliokamilika. Miongoni mwa zinazojulikana sana Afrika Mashariki ni FL Studio, Cubase, Logic Pro, Pro Tools na Reaper. Zote hufikia lengo moja, lakini hazifuati njia moja.

Mdundo au kurekodi

FL Studio ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, wakati huo ikiitwa FruityLoops. Jina lilibadilishwa mwaka 2003. Ilianza kama chombo cha kupanga vipande vifupi vya midundo vinavyojirudia, na hadi leo wengi huipendea wepesi huo.

Cubase ya kampuni ya Steinberg, yenye makao yake Hamburg, Ujerumani, ilitoka mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta za Atari. Humo wimbo hupangwa kwa mstari wa wakati, kutoka kushoto kwenda kulia, kila ala ikiwa na traki yake. Pro Tools, iliyotoka mwaka 1991 chini ya kampuni ya Digidesign ya Marekani, ilikusudiwa tangu awali kuchukua nafasi ya mashine za kanda katika studio za kurekodia.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa muziki wa Kisomali. Wimbo wa kufoka au wa harusi uliojengwa juu ya mdundo wa kompyuta huenda vyema na programu ya vipande. Lakini kaban, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa udi wa pwani, hupigwa na mkono wa binadamu, na buraanbur, ushairi wa wanawake unaoandamana na ngoma, makofi na uchezaji, hauongozwi na saa ya kompyuta. Kasi hupanda na kushuka kwa hiari ya waimbaji.

Kundi la wanawake la Gargar kutoka Garissa, lililorekodi na Ketebul Music ya Nairobi, ni mfano wa muziki unaotegemea zaidi sauti za watu wanaoimba pamoja. Kwa upande mwingine, kundi la Waayaha Cusub, lililoanzishwa mwaka 2004 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, lilijijengea jina kwa kufoka kwa Kisomali. Studio inayotaka kuhudumia aina zote mbili huanza kuona mipaka ya programu moja, na hapo ndipo wazo la kuhama huzaliwa.

Kampuni zinapoamua

Si kila anayehama hufanya hivyo kwa hiari. Mnamo Julai 2002 kampuni ya Apple iliinunua Emagic ya Ujerumani, iliyokuwa ikitengeneza Logic, na ikatangazwa kwamba toleo la kompyuta za Windows lingekoma mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo. Waliokuwa wakilitumia walibaki na njia tatu: kununua kompyuta za Apple, kuhamia programu nyingine, au kubaki na toleo ambalo halingeboreshwa tena.

Mwaka 2003 programu ya Cool Edit Pro iliuzwa kwa kampuni ya Adobe na kugeuzwa jina kuwa Audition. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kusitisha utengenezaji wa programu za Cakewalk, ikiwemo Sonar. Ziliokolewa Februari 2018 pale BandLab ya Singapore ilipoinunua mali hiyo. Nayo ReWire, teknolojia ya kuunganisha programu mbili zifanye kazi pamoja iliyobuniwa na Propellerhead ya Uswidi, ilikomeshwa mwaka 2020.

Funzo ni kwamba maisha ya faili ya mradi hutegemea maisha ya programu iliyoitengeneza, na maisha ya programu hutegemea maamuzi ya kampuni iliyo mbali.

Historia ya muziki wa Kisomali yenyewe inaonyesha umuhimu wa jambo hili. Mwaka 1988, kabla ya mji wa Hargeisa kushambuliwa kwa mabomu, wafanyakazi wa Radio Hargeisa na wapenzi wa muziki walizificha maelfu ya kanda, nyingine zikafukiwa ardhini. Baadhi ya nyimbo zilizonusurika kutoka enzi hizo zilitolewa mwaka 2017 katika mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kanda hizo ziliweza kusikika tena kwa sababu redio yoyote ya kaseti ilitosha kuzicheza. Faili ya mradi wa kompyuta haina bahati hiyo. Isipohamishwa mapema kwa umbo linaloeleweka na wote, inaweza kuwepo salama kwenye diski na bado isisikike.

Kinachohama na kisichohama

Ni vyema kutenganisha mambo manne.

Kwanza ni sauti zenyewe. Faili za WAV, umbo lililoletwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, hufunguliwa na takriban kila programu ya muziki. Sauti iliyorekodiwa kwa umbo hilo huhama bila kupungua ubora.

Pili ni noti za kinanda. Hizi husafiri kwa faili za MIDI, mfumo ulioanza kutumika mwaka 1983. MIDI hubeba habari za noti iliyobonyezwa, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Haibebi mlio. Kinanda kilichosikika kama filimbi katika programu ya zamani huweza kusikika kama piano katika programu mpya hadi mlio uchaguliwe upya.

Tatu ni plagini, yaani programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti. Umbo la VST, lililoanzishwa na Steinberg mwaka 1996, hukubaliwa na FL Studio, Cubase na Reaper. Logic Pro hutumia umbo la Audio Units, na Pro Tools umbo la AAX. Hivyo plagini ya VST haitafunguka ndani ya Logic au Pro Tools isipokuwa mtengenezaji wake ametoa toleo linalofaa.

Nne ni mpangilio wa kuchanganya sauti: viwango, mwangwi na marekebisho mengine. Haya ndiyo magumu zaidi kuhamisha. Mwaka 2023 kampuni za Bitwig na PreSonus zilianzisha umbo la wazi la DAWproject ili kurahisisha kazi hiyo, lakini si programu zote zinazolikubali.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kufungua kila mradi wa zamani katika programu ya zamani na kuhakikisha unasikika kama ulivyokusudiwa. Kazi hii ifanyike kabla ya kuondoa chochote kwenye kompyuta.

Hatua ya pili ni kutoa kila traki kama faili ya WAV inayojitegemea. FL Studio, kwa mfano, inaweza kuzitoa traki zote za kichanganyio kwa mkupuo mmoja. Jambo la lazima ni kwamba faili zote zianze mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Zikianza pamoja, zitapangika zenyewe katika programu yoyote. Kwa nyimbo zisizofuata mapigo ya kompyuta, hii ndiyo njia pekee ya kuaminika.

Hatua ya tatu ni kutoa nakala mbili za traki muhimu: moja ikiwa na mwangwi na marekebisho yake, nyingine ikiwa kavu. Ya kwanza hulinda ladha ya wimbo, na ya pili humwachia prodyuza wa baadaye nafasi ya kuurekebisha.

Hatua ya nne ni kuandika katika faili ya maandishi kasi ya wimbo, ufunguo wake, majina ya waimbaji na wapigaji, na kiwango cha sampuli. Kiwango hiki hupuuzwa na wengi. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ikichezwa kana kwamba ni 48,000, huenda kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda kwa takriban nusutoni moja na nusu, na mwimbaji akasikika kama mtu mwingine.

Hatua ya tano ni kuhifadhi mchanganyiko wa mwisho wa wimbo mzima. Hata traki zikipotea, wimbo wenyewe utabaki.

Nafasi ya kuhifadhia haipaswi kuwa kisingizio. Traki moja ya mono yenye biti 24 na sampuli 44,100 huchukua takriban megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 20 hufikia takriban megabaiti 800, hivyo diski ya nje ya terabaiti moja hubeba zaidi ya nyimbo 1,000 za aina hiyo.

Mazingira ya Garissa

Garissa ni mji wa joto, na kompyuta inayofanya kazi kwa saa nyingi hupata shida zaidi humo kuliko Nairobi. Kutoa traki za miradi mingi ni kazi inayochosha kompyuta, na ni busara kuifanya usiku au alfajiri. Aidha, umeme ukikatika faili inapoandikwa, faili hiyo huweza kuharibika. Betri ya akiba ni ya lazima katika siku za kuhama.

Nakala zisikae mahali pamoja. Diski moja ibaki studioni, na nyingine ihifadhiwe katika nyumba tofauti. Anayeweza kumudu gharama za intaneti aweke nakala ya tatu mtandaoni.

Gharama na sheria

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta sawa na inavyozilinda nyimbo. Studio inayodai haki za nyimbo zake huku ikitumia programu iliyovunjwa kufuli hujiweka mahali pagumu. Isitoshe, nakala za wizi mara nyingi hubeba virusi, na hazina hakika ya kufunguka baada ya kompyuta kubadilishwa.

Njia halali za gharama nafuu zipo. Audacity na LMMS hutolewa bure. Reaper, iliyobuniwa na Justin Frankel, mtu yule yule aliyetengeneza Winamp, hujaribiwa kwa siku 60 na imekuwa na leseni nafuu ya dola 60. Mnunuzi wa FL Studio hupata matoleo mapya bila malipo ya ziada, ila anapaswa kujua kwamba toleo lake la bei ya chini kabisa lina uwezo mdogo kuliko mengine.

Aidha, kuhama si lazima kuwe kuacha. FL Studio inaweza kufunguliwa kama plagini ndani ya programu nyingine, na prodyuza akaendelea kupanga midundo alikozoea huku akirekodi waimbaji kwingine.

Anayeamua kuhama kabisa asianze na kazi ya mteja anayesubiri. Aanze na wimbo mmoja wa zamani, auhamishe hadi mwisho, aulinganishe na ule wa kwanza, kisha aendelee na mingine. Programu ya zamani iachwe katika kompyuta hadi mradi wa mwisho utakapokuwa umetolewa, umesikilizwa na kuhifadhiwa mara mbili.