Dawa za Kuzuia Damu Kuganda: Mathe Wako Asiziache Juu Anaskia Fiti

Ukijikata ukikata sukuma, damu inatoka kiasi halafu inajifunga yenyewe. Hiyo ni poa. Noma inaanza damu ikiganda mahali hakuna kidonda, ndani ya mshipa. Bonge likikaa kwa mguu, mguu mmoja unavimba na kuuma. Liking'oka likapanda hadi mapafu, linaeza kuua mtu haraka. Likitoka kwa moyo liende ubongo, hiyo ni kiharusi.

Risk iko juu kwa wasee wamefanyiwa upasuaji, wamelala hosi siku mingi, wamama waja wazito na waliojifungua juzi, wagonjwa wa kansa, na wenye moyo unapiga ovyo. Pia kuna vijana wamewekwa valvu ya chuma kwa moyo, mara nyingi juu ya homa ya baridi yabisi iliyoanza kama maumivu tu ya koo utotoni.

Watu husema hizi dawa hufanya damu iwe nyepesi. Zii. Damu yako haigeuki kuwa maji, na haziyeyushi bonge. Zinachelewesha damu kuganda, ndio bonge jipya lisijengeke na la zamani lisikue, mwili ulimalize polepole.

Ile imekuwa kwa game kitambo ni warfarini. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na warfarini inafungia hiyo njia. Inachukua siku kadhaa kushika, so daktari anaeza kuanza na sindano ya heparini.

Stori yake ni moto. Miaka ya 1920, ng'ombe Marekani na Kanada walikuwa wanavuja damu hadi kufa baada ya kula nyasi iliyooza. Maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin ikapata kemikali iliyohusika. Kutoka hapo ikazaliwa warfarini, ikauzwa 1948 kama sumu ya panya. 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na 1955 Rais Eisenhower akapewa baada ya moyo kumshtua. Tofauti ya sumu na dawa ni kipimo.

Ndio maana kuna kipimo cha INR. Wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo, bonge linaeza rudi. Juu sana, unavuja. Sukuma, managu na spinachi ziko na vitamini K mob. Usiziache, kula kiasi kile kile kila wiki.

Kuna mpya kama apiksabani na rivaroksabani. Hazihitaji INR kila saa, lakini mwenye valvu ya chuma hatumii.

Sasa shika hizi. Usinunue Brufen, diclofenac ama aspirini kwa kemisti bila kusema uko kwa hizi dawa. Hata mitishamba, uliza kwanza. Ukisahau dozi, usimeze mbili pamoja. Ukipata mimba ukiwa kwa warfarini, ona daktari mara moja, juu inaeza dhuru mtoto. Choo nyeusi kama lami, mkojo mwekundu, ama umeanguka ukagonga kichwa? Hosi, hiyo hiyo saa.

Na mathe akisema ameacha juu anaskia fiti, mwambie hivi: bonge likizuiwa, hakuna kitu utaskia. Hiyo kimya ndio kazi ya dawa.