Neno "Si" Katika Mahubiri: Kiswahili cha Wahadhiri wa Kiislamu na Mabadiliko ya Jamii Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Msasani ni miongoni mwa vijiji vya kale vya wavuvi ambavyo baadaye vilimezwa na jiji la Dar es Salaam. Katika vijiji vya namna hiyo, kama ilivyokuwa katika mwambao wote wa Waswahili, dini ilisikika kwa lugha mbili. Adhana, sala na nguzo za hotuba ya Ijumaa zilikuwa za Kiarabu; darsa na mawaidha yalikuwa ya Kiswahili. Kiarabu kilibeba utukufu, Kiswahili kilibeba ufafanuzi, na aliyesimama baina ya lugha hizo alikuwa sheikh. Muumini wa kawaida alipokea maana kutoka kwake.

Hoja inayotetewa hapa ni kuwa mahubiri ya Kiislamu yaliyoibadili jamii ya Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 20 hayakuleta itikadi mpya. Kilichobadilika ni mgawo wa lugha. Msikilizaji alikabidhiwa matini kwa lugha yake, akapewa nafasi ya kuamua mwenyewe. Badiliko hilo lilikuwa na faida kubwa, na pia lilikuwa na gharama.

2.0 Matini yaingia katika Kiswahili

Msingi wa badiliko hilo uliwekwa mapema. Mwaka 1923 ilichapwa tafsiri ya Kurani ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana. Mwaka 1932, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah, lililohimiza elimu na kukemea mila alizoona kuwa zinawadumaza Waislamu. Jumuiya ya Ahmadiyya ilitoa tafsiri yake mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kadhi, alikamilisha Qurani Takatifu mwaka 1969. Kwa upande wa Wakristo, Biblia ya Union Version ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1952.

Kwa hiyo, kufikia miaka ya 1970, kijana aliyesoma shule ya msingi tu aliweza kuweka vitabu viwili mezani na kuvilinganisha kwa lugha moja. Kampeni za kisomo cha watu wazima za miaka hiyo ziliongeza idadi ya watu wenye uwezo huo.

3.0 Mhadhara wa uwanjani

Katika miaka ya 1980 ulienea mtindo ulioitwa mihadhara ya mlingano wa dini. Kati ya waliouasisi walikuwa Ngariba Mussa Fundi na Mohamed Ali Kawemba. Mhadhiri alisimama uwanjani, akataja kitabu, sura na mstari wa Biblia. Msaidizi wake alisoma kwa sauti. Kisha mhadhiri alifafanua na kulinganisha na Kurani. Wasikilizaji waliruhusiwa kuuliza, na Wakristo walijibu.

Kiisimu, tukio hili lilitofautiana sana na hotuba ya mimbari. Hotuba husikilizwa kwa kimya. Mhadhara ulijengwa juu ya swali na jibu. Mamlaka ya mhadhiri hayakutegemea ijaza kutoka kwa mwalimu wake wala ufasaha wake katika Kiarabu. Yalitegemea uwezo wa kuthibitisha hoja kwa maandishi ambayo kila mtu angeweza kuyasoma. Aidha, kanda za kaseti ziliyafikisha maneno hayo majumbani, kwa wanawake na wengine wasiofika uwanjani. Katika miaka ya 1990 gazeti la An-Nuur likaongeza mjadala wa elimu, ajira na haki za Waislamu katika dola.

4.0 Uzito wa kikanushi

Hapo ndipo neno dogo "si" lilipopata uzito wa kisiasa. Sura ya Ikhlas, inayokanusha kuwa Mungu ana mwana, husomwa katika sala kila siku. Ikisomwa kwa Kiarabu ndani ya msikiti, ni ibada. Kanusho hilohilo likitamkwa kwa Kiswahili kupitia kipaza sauti, linamfikia jirani Mkristo likiwa ni kauli inayomkabili yeye. Maana haikubadilika, waliobadilika ni wasikilizaji.

Mwezi Februari 1998, katika eneo la Mwembechai, Magomeni, ndani ya wilaya ileile ya Kinondoni ilimo Msasani, madai ya kashfa dhidi ya wahadhiri yalifuatwa na kamatakamata. Ijumaa ya tarehe 13 polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Hamza Njozi, mwanazuoni wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu kuhusu mauaji hayo mwaka 2000. Serikali ilikipiga marufuku.

Mwaka 2001, mahakama ya wilaya mjini Morogoro ilimhukumu mhubiri mmoja kifungo cha miezi 18 kwa kutamka hadharani kuwa Yesu si mwana wa Mungu. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza maneno yanayotamkwa kwa kusudi la kuumiza hisia za dini. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu hiyo hata akaachiwa, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaitengua hatia yenyewe. Uzito uliwekwa kwenye kusudi: kukanusha imani ya mwingine katika kuitangaza yako si kosa kwa kanusho hilo peke yake.

5.0 Hitimisho

Uamuzi huo ulikuwa pia uchambuzi wa lugha. Ulitenganisha maana ya sentensi na nia ya msemaji, jambo ambalo wanapragmatiki hulifundisha darasani. Lakini ulikuja miaka 5 baada ya watu kufa Mwembechai.

Kiswahili ndicho kilichompa Mwislamu wa kawaida sauti mbele ya sheikh wake na mbele ya dola. Kwa kuwa lugha hiyo ni ya Mkristo pia, hakuna mahubiri ya Kiswahili yanayoweza kuwa ya Waislamu peke yao. Ushirika huo wa lugha ndio uliozaa mhadhara, na ndio unaomdai mhadhiri apime maneno yake na mtawala apime nguvu zake.