Kijumbe kabla ya benki

Soko la samaki la Feri na jengo la Benki Kuu jijini Dar es Salaam yamo katika kata moja, Kivukoni. Benki ilifungua milango Juni 1966. Mama anayekaanga samaki hapo sokoni hana shida nayo, anamjua kijumbe.

Kijumbe ndiye mshika upatu. Wanawake kumi wanatoa shilingi 5,000 kila siku, na kila siku mmoja anaondoka na 50,000. Wa kwanza kupokea amekopa bila riba. Wa mwisho amejiwekea akiba. Kupanga nani apokee mapema, mwenye ada ya mtoto au mwenye msiba, ni hesabu nzito, nayo haikufundishwa na afisa yeyote.

Mafunzo yalikuja baadaye. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mume haukufika hata katikati ya mwezi, na biashara ya maandazi ndiyo ikalisha nyumba nyingi. Miaka ya 1990 taasisi kama PRIDE, iliyoanzia Arusha, zikaleta mikopo ya vikundi kwa mfano wa Grameen ya Bangladesh: watu watano wanadhaminiana, wanapigwa darasa, kisha wanakopeshwa. Kwa maoni yangu, darasa lile lilihusu zaidi marejesho kuliko faida.

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vilikuwa na jambo jipya. Mbegu yake ni vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Zanzibar ikaipokea mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikaenea bara. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu. Wanachama wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Pochi ya kijumbe haikuwahi kufunguliwa hivyo.

Benki ya Wanawake ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na vikundi vikatakiwa kujisajili.

Wakati huohuo wakopeshaji wanaoitwa kausha damu wamejaa mitaani: mkopo wa chapchap, bila kikao wala darasa, na rejesho ni la kila siku. Siku samaki wakiwa haba, mama anamfuata kijumbe, anamwomba ambadilishie zamu.