Kutoka Uchache hadi Sheria: Bunda la Kadi katika Magic: The Gathering

Richard Garfield, mbunifu wa mchezo huu wa kadi, alikuwa mwanahisabati, lakini kanuni zake za mwanzo hazikuwa na hesabu nyingi. Magic: The Gathering ilipoingia sokoni mwaka 1993, ikitolewa na Wizards of the Coast, kampuni changa ya jimbo la Washington nchini Marekani, mchezaji alitakiwa awe na bunda lisilopungua kadi 40. Basi. Hakukatazwa kujaza nakala 20 za kadi ileile. Garfield aliuachia uchache ufanye kazi ya sheria: pakiti ziliuzwa zimefungwa, mnunuzi asijue kilichomo, na ilitarajiwa kwamba kila mtu angenunua chache, kisha acheze na alichojaliwa.

Watu walinunua kwa maboksi. Walibadilishana, wakauziana, na wenye uwezo wakaunda mabunda yaliyojaa Black Lotus na Mox, kadi zinazotoa nguvu bila gharama yoyote. Mpinzani aliweza kumalizwa kabla hajagusa zamu yake ya kwanza. Barazani, mchezaji wa namna hiyo hukimbiwa. Kwenye mashindano huna pa kukimbilia.

Mwanzoni mwa 1994, chombo cha kusimamia mashindano, kilichokuja kuitwa DCI, kikaweka mipaka ambayo bado ndiyo uti wa mgongo wa mchezo: bunda la kadi 60 au zaidi, nakala zisizozidi 4 za kadi yoyote isipokuwa ardhi za msingi (kadi za kawaida zinazotoa nguvu ya kuchezea nyingine), na kadi 15 za akiba za kubadilishia katikati ya pambano. Black Lotus na wenzake waliruhusiwa nakala mojamoja. Nyingine zilifungiwa kabisa, zikiwamo kadi za dau, zilizomwezesha mshindi kuondoka na mali ya mwenzake. Shahrazad nayo ikaonja marufuku. Msomaji wa Alfu Lela Ulela atalitambua jina hilo. Ukiicheza kadi hiyo, mchezo unasimama, mnaanza mchezo mdogo ndani yake, kisha mnarudi kwenye ule mkubwa. Asiyeshinda ule mdogo hupoteza nusu ya uhai wake. Ni ubunifu wa hali ya juu, na ni adhabu kwa mwamuzi anayetazama saa.

Januari 1995 likaja jambo zito zaidi. Mgeni wa mchezo hakuweza kuwafikia waliokusanya tangu 1993, hivyo mashindano yakagawanywa. Upande mmoja kadi za miaka yote. Upande wa pili, ule unaoitwa Standard siku hizi, matoleo mapya tu, ya zamani yakistaafishwa kadiri mapya yanavyotoka. Wapo wanaolalamika kwamba ni mbinu ya kuuza pakiti. Ni kweli, na bila mbinu hiyo mlango ungefungwa kwa kila aliyechelewa kuzaliwa.

Kichekesho kilitokea New York, Februari 1996, kwenye mashindano ya kwanza ya Pro Tour. Kila bunda lililazimika kuwa na angalau kadi 5 kutoka kila toleo lililoruhusiwa, hata Homelands, toleo dhaifu ambalo wengi hawakulitaka. Sheria ya kulazimisha mapenzi haikudumu. Ukubwa wa bunda kwenye mashindano hayo, kwa upande mwingine, haujawahi kuwekewa kikomo cha juu. Sharti ni uweze kulichanganya kwa mikono yako mwenyewe, bila msaada.

Mwaka huohuo wa 1996 kampuni iliahidi wakusanyaji kwamba kadi fulani za zamani hazitachapishwa tena. Black Lotus imo. Tangu hapo, kwenye mfumo wa Vintage, ule wa kadi za miaka yote, kanuni inakuruhusu nakala moja, ila mfuko haukuruhusu hata hiyo. Uchache aliouamini Garfield ukarudi, safari hii kwa maandishi.

Baadaye wengi walihamia Commander, mfumo uliokuzwa na wachezaji wenyewe: kadi 100, nakala mojamoja, ardhi za msingi zikiachwa huru. Kamati ya wapenzi wa mchezo ndiyo iliyoulinda. Septemba 2024 kamati hiyo ilifungia Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist. Waliozinunua kwa bei kubwa waliona thamani yake ikiporomoka, wajumbe wakatishiwa, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wameikabidhi kazi yote kwa Wizards of the Coast.