Fenothiazini na Mapigo ya Moyo

Klorpromazini, dawa ya kutuliza maradhi makali ya akili ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ambayo mkazi wa mtaa wa Langas anaweza kuandikiwa akipelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ni ya ukoo wa fenothiazini, kemikali iliyotengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1883 na kutumiwa baadaye kuua minyoo ya mifugo, kabla ya mwanakemia Paul Charpentier kuunda klorpromazini nchini Ufaransa mnamo Desemba 1950.

Wasiwasi juu ya moyo haukukawia. Mwaka 1963 matabibu wa Kanada walieleza jinsi thioridazini, ndugu ya klorpromazini, ilivyobadilisha mchoro wa kipimo cha umeme wa moyo, na wakaripoti vifo viwili. Ilikuja kubainika kwamba dawa hiyo huziba vijia vinavyopitisha potasiamu kutoka ndani ya seli za moyo, hivyo misuli huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na katika kuchelewa huko huweza kuzuka mapigo ya kasi yaliyovurugika ambayo huua ghafla.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya 1960 wanasayansi wa Umoja wa Kisovyeti walitoa katika ukoo huo morisizini, dawa iliyokusudiwa kuyatuliza mapigo ya aina hiyo. Kwa kuwa iliyapunguza kweli mapigo ya ziada, wengi waliamini kwamba ingewaokoa waliopatwa na shambulio la moyo. Imani hiyo ilipimwa Marekani katika jaribio la CAST, lililoanza mwaka 1987, ambamo kura ndiyo iliyoamua nani apewe dawa na nani apewe kidonge kitupu. Mwaka 1989 enkainidi na flekainidi, dawa nyingine za jaribio hilo zisizo za ukoo huu, ziliondolewa kwa kuwa waliozimeza walikufa zaidi. Mwaka 1991 ikafuata morisizini, kwani katika wiki mbili za mwanzo wagonjwa 17 kati ya 665 walifariki au mioyo yao ilisimama, ilhali kati ya 660 wasiopewa walikuwa 3 tu. Mchoro ulipendeza, na mgonjwa akafa. Hakuna kosa la tiba linalostahili kukumbukwa kuliko hilo.

Thioridazini ilisitishwa na mtengenezaji wake mwaka 2005. Klorpromazini ingali inatumika, na ina manufaa makubwa, ingawa nayo ni ya ukoo huohuo. Basi anayeandikiwa, awe Langas au kwingineko, ikiwa amewahi kuzirai au nduguye alikufa ghafla, amweleze tabibu mapema ili apimwe umeme wa moyo, wala asiiache dawa bila ushauri.