Mchanganuo

Tukiandaa bonanza la michezo Omurushaka, timu zikitoka Karagwe na Kyerwa, neno la kwanza huwa mchango. Naomba la pili liwe mchanganuo.

Kuchanganya ni kutia pamoja. Kuchanganua ni kinyume chake, kama kupanga na kupangua. Kamati nyingi hulijua neno hili kwenye bajeti tu, nalo huishia hapo. Lakini kazi nayo huchanganuliwa: Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliufanya utaratibu huo kuwa kanuni ya miradi yake mwaka 1968.

"Uwanja" bado si kazi. Uchanganue: kufyeka nyasi, kupiga mistari kwa chokaa, kupima goli mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo, kufunga nyavu. Hata nyavu zina vipande vyake: nani anazo, nani atazifuata, lini. Endelea mpaka kila kipande kipate mtu mmoja na siku yake. Kazi iliyoandikiwa "kamati" haina mwenyewe, na asubuhi ya mechi nyavu hazionekani.

Ndugu katibu, katika kikao kijacho tusomee mchanganuo wa kazi kabla ya orodha ya michango.