Namba na Chupa

Mgonjwa wa Kiswahili haishii kusema anaumwa. Jino linapwita, tumbo linasokota, kichwa kinawanga, kifua kinachoma: kitenzi chenyewe ni nusu ya uchunguzi. Daktari wa Marekani, mwenye foleni mlangoni, amefundishwa swali jingine: kutoka sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani?

Namba hiyo ilikuja kwa nia njema. Miaka ya 1990 madaktari walilaumiwa kwa kupuuza maumivu, wakahimizwa kuyapima kama wapimavyo joto na mapigo ya moyo. Namba inataka jibu la haraka, na mwaka 1996 jibu likaingia sokoni: kidonge cha maumivu cha OxyContin cha kampuni ya Purdue, kikinadiwa kwamba uraibu ni nadra. Katika vijiji vya wachimba makaa vya Appalachia, aliyeumia mgongo mgodini alikuwa mbali na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, karibu na kidonge. Vifo vya kuzidisha dozi vilipoongezeka, ukaja mwongozo wa serikali wa 2016 wa kubana dawa hizo, na baadhi ya madaktari wakaushika kama panga: waliotumia dawa kwa miaka wakakatiwa ghafla. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaonya kwamba kukata ghafla nako kunadhuru.

Kampala, Uganda, tatizo lilikuwa kinyume: uhaba wa dawa ya maumivu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Huko unga wa mofini hukorogwa kwa maji, na rangi huonyesha nguvu yake. Kijani ndiyo hafifu. Madaktari wakiwa wachache, mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa waliruhusiwa kisheria kuwaandikia wagonjwa mofini. Muuguzi akifika nyumbani haachi chupa akaondoka. Anauliza kama mgonjwa amefunga choo, nani anampikia, ada ya watoto imefikia wapi. Hayo ni mafunzo ya Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 akishikilia kwamba maumivu hugusa mwili, roho na jamaa.

Ulinganisho huu una mipaka. Saratani ya siku za mwisho si mgongo wa miaka ishirini, na mofini haimalizi kila uchungu. Lakini dawa zote mbili ni za ukoo mmoja, ukoo wa afyuni; kilichotofautiana ni mtu aliyefuatana nazo. Sifuri hadi kumi unaweza kuuliza umesimama mlangoni. “Linapwita au linachoma?” huulizwa na aliyekwisha kuvuta kigoda.